Beryl Markham Avuka Bahari kwa Ndege

Mvuvi wa Kalemie ajua vizuri jambo hili: upepo ukimsukuma kwa nyuma, mtumbwi waenda upesi, upepo ukimpiga usoni, hupiga kasia mpaka mikono inachoka, na pwani bado iko mbali.

Angani pia ni vivyo hivyo. Juu ya bahari ya Atlantiki pepo huvuma mara nyingi toka magharibi kwenda mashariki. Rubani atokaye Amerika kwenda Ulaya husaidiwa na upepo. Atokaye Ulaya kwenda Amerika hupigwa nao usoni. Mwaka 1936 mwanamke mmoja aliyelelewa Afrika ya Mashariki alichagua njia hiyo ngumu, akaenda peke yake. Jina lake Beryl Markham.

Utoto wake

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Alipokuwa na umri wa miaka karibu minne aliletwa Kenya. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba huko Njoro. Alikata miti, akalima, akajenga kinu cha kusaga unga, akafuga farasi wa mashindano. Baada ya muda si mrefu mama yake alirudi Uingereza pamoja na kaka yake. Beryl akabaki na baba.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, mtoto wa Kinandi. Pamoja walijifunza kurusha mkuki, kufuata nyayo za wanyama na kukaa kimya porini. Kiswahili alikisema kama watoto wenziwe. Siku moja simba aliyefugwa na jirani alimrukia akamjeruhi, lakini watu walikimbilia wakamwokoa. Shuleni hakukaa sana, lakini kila alipokuwa alitazama na kujifunza.

Alipokaribia umri wa miaka 18, mvua ilikosa. Baba yake alikuwa ameahidi kuuza unga kwa bei ya zamani, na sasa bei ya nafaka imepanda sana. Beryl alisimulia baadaye ya kuwa baba yake hakutaka kuvunja ahadi. Aliitimiza, akapoteza mali yake. Kisha akaenda kutafuta kazi katika nchi ya Peru, mbali sana. Beryl akabaki Kenya, akaanza kujitafutia maisha kwa kazi aliyoijua: kufundisha farasi wa mashindano. Akapata cheti cha kazi hiyo. Kabla yake hakuna mwanamke katika Kenya aliyekuwa nacho. Mwaka 1926 farasi wake mmoja alishinda mbio kubwa za Nairobi.

Ajifunza kurusha ndege

Mwaka 1931 alianza masomo ya urubani. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani hodari. Huyu hakumkemea mwanafunzi kwa kila kosa. Siku moja walikuwa wakielekea vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Beryl hakujua kwamba upepo ukivuka kilima huteremka upande wa pili kama maji ya maporomoko. Ndege ikaanza kushuka. Mwalimu akanyamaza, akamwacha aone mwenyewe. Ilipokuwa karibu kuchelewa, akashika usukani, akageuza ndege. Somo hilo Beryl hakulisahau.

Jambo jingine alilofundishwa ni kuisadiki dira. Usiku, au ndani ya wingu, masikio na tumbo humdanganya mtu; hudhani yuko sawa kumbe ndege imelala upande. Dira na vipimo havina hofu wala usingizi.

Mwaka 1932 aliruka peke yake toka Kenya mpaka Uingereza, akitua njiani mara nyingi. Mwaka 1933 alipata cheti cha rubani wa kazi, mwanamke wa kwanza katika Kenya. Akachukua barua na abiria, akatafuta tembo kwa ajili ya wawindaji. Usiku mmoja alipeleka hewa ya kupumulia huko Nungwe, karibu na ziwa Viktoria, kwa mchimba dhahabu aliyekuwa mgonjwa sana. Kibii, ambaye sasa ni mtu mzima aitwaye arap Ruta, alifanya kazi pamoja naye, kwanza kwa farasi, halafu kwa ndege.

Safari ya usiku

Tarehe 4 Septemba 1936, karibu saa moja ya jioni, Beryl aliruka toka Abingdon, Uingereza. Alikusudia kufika New York. Ndege yake ndogo ilikuwa na injini moja tu, wala haikuwa na redio. Ndani yake yaliwekwa matangi ya petroli zaidi, moja baada ya jingine. Tangi moja likiisha, injini hunyamaza. Ndipo rubani hutafuta kwa mkono, gizani, bomba la tangi linalofuata, alifungue kabla ndege haijaanguka baharini.

Usiku kucha alipigwa na upepo, mvua na mawingu. Fikirini: ziwa letu la Tanganyika, toka ncha ya kaskazini mpaka ncha ya kusini, lina urefu wa kilomita karibu 670. Beryl alikwenda zaidi ya mara 6 ya urefu huo bila kutua, akiwa peke yake, macho yake kwenye dira.

Kulipokucha aliona nchi kavu ya Kanada. Alifurahi, lakini injini ikaanza kukohoa. Petroli ilikuwamo katika tangi la mwisho, ila barafu iliziba njia ya hewa, nayo petroli haikushuka vizuri. Injini ikazima, ikawaka, ikazima tena. Beryl hakupoteza akili. Alitafuta mahali wazi, akateremsha ndege penye matope na mawe, mahali paitwapo Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton. Pua ya ndege ikazama matopeni. Naye akaumia kichwa, akatoka, akatembea kutafuta watu. Alikuwa amekaa angani zaidi ya saa 20.

Yeye mwenyewe alihuzunika kwa sababu hakufika New York kwa ndege yake. Lakini watu waliona kazi aliyoifanya. Hakuna mtu kabla yake, mwanamume wala mwanamke, aliyeruka peke yake toka Uingereza mpaka Amerika ya Kaskazini bila kutua. New York walimpokea kwa shangwe kubwa. Furaha hiyo haikudumu. Wiki mbili tu baadaye Tom Campbell Black, mwalimu wake, alikufa katika ajali ya ndege huko Liverpool.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1942 kilitoka kitabu chenye jina lake, kikisimulia maisha yake. Ulikuwa wakati wa vita, na watu wengi hawakukijali. Akarudi Kenya, akashika tena kazi ya farasi, akashinda mbio nyingi. Katika uzee alikuwa maskini. Mwaka 1983 kitabu kilipigwa chapa tena, na safari hii watu wengi walikinunua. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986. Ulibaki mwezi mmoja tu itimie miaka 50 tangu usiku ule wa Atlantiki.

Wanawake wengine walipanda juu zaidi. Mwaka 1963 Valentina Tereshkova wa Urusi alitoka kabisa katika hewa ya dunia, akaizunguka dunia mara 48. Yeye naye alianza kwa kujifunza kidogo kidogo.

Ushujaa wa Beryl haukuanza Abingdon. Aliuokota Njoro kwa Kibii, katika zizi la farasi, na juu ya vilima vya Ngong. Injini ilipozima juu ya mawe, yale aliyojifunza siku za nyuma ndiyo yaliyomwokoa.

Maulizo

1. Kwa nini ni vigumu kuruka toka Ulaya kwenda Amerika kuliko kurudi?
2. Baba yake Beryl alipotezaje mali yake?
3. Kwa nini rubani huisadiki dira kuliko masikio yake?
4. Kwa nini Beryl alihuzunika, na watu walishangilia?