Jaji Nyalali na Kalenda ya Mashauri ya Madai

Watanzania wengi humkumbuka Francis Lucas Nyalali kwa Tume iliyobeba jina lake, ambayo mwaka 1992 ilipendekeza nchi irejee katika mfumo wa vyama vingi. Kazi yake nyingine haikupigiwa baragumu, ingawa iliwagusa kwa karibu wananchi waliokuwa wakidai shamba, nyumba au fedha mahakamani.

Nyalali alizaliwa mwaka 1935 katika Kanda ya Ziwa, akasoma Makerere na baadaye sheria nchini Uingereza. Alianza utumishi akiwa hakimu, akawa Jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1974, na mwaka 1977 Rais Julius Nyerere alimteua kuwa Jaji Mkuu. Alishika wadhifa huo kwa miaka 23, muda ambao hakuna Jaji Mkuu mwingine wa Tanzania aliyeufikia.

Mahakama aliyoikabidhiwa ilikuwa na upungufu wa karibu kila kitu. Majaji waliandika ushahidi kwa mkono, neno kwa neno, na shauri lililoahirishwa liliweza kuangukia mikononi mwa jaji mwingine asiyelifahamu. Kasi ya shauri ilikuwa mikononi mwa wadaawa na mawakili wao. Leo shahidi hayupo, kesho wakili anaumwa. Mwenye hoja dhaifu hakuwa na haja ya kushinda, ilimtosha kusubiri. Wakati huo mashahidi wa upande wa pili walizeeka na wengine kufariki, hivyo ucheleweshaji wenyewe ukawa njia ya kuuzima ushahidi.

Mwaka 1994, kwa mamlaka ambayo sheria inampa Jaji Mkuu, kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai zilirekebishwa. Jaji aliyepangiwa shauri alitakiwa kukutana mapema na pande zote mbili, kulielekeza shauri kwenye usuluhishi, na kulipangia muda wa kumalizika: miezi 10 kwa shauri jepesi, 12 kwa la kawaida, 14 kwa lenye utata na 24 kwa shauri maalumu. Ratiba hiyo haikuwa minyororo. Jaji aliweza kuibadilisha aliporidhika kuwa haki inahitaji hivyo, na gharama zikabebwa na upande ulioomba mabadiliko. Mwenye shahidi aliyekwama safarini kwa sababu ya kweli hakufungiwa mlango, ila hakuweza tena kumchelewesha mwenzake bure.

Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani, Nyalali akiongoza jopo, ilitoa uamuzi Arusha katika shauri la mwanakijiji mmoja na mwanawe waliodai ardhi waliyonyang'anywa wakati wa kuanzishwa kwa vijiji. Walikuwa wameshinda katika mahakama ya hakimu mkazi, na rufaa ilikuwa ikisubiri kusikilizwa, ilipopitishwa sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika ardhi za aina hiyo na kuyaondoa mahakamani mashauri yake. Hapakuwa na njia ya haraka zaidi ya kumaliza mrundikano. Jopo liliamua kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Mahakama haiwezi kuporwa kazi yake ya kusikiliza migogoro.

Utekelezaji wa kanuni za 1994 haukuwa laini. Muda uliopangwa ulipokwisha kabla ya hukumu, baadhi ya mawakili waliinuka na pingamizi wakitaka shauri liondolewe, na kifaa kilichotengenezwa kuharakisha haki kikageuka kichaka kipya cha ufundi wa kisheria. Mahakama hazikuwa na msimamo mmoja juu ya hoja hiyo.

Mwaka 2000 Katiba ilirekebishwa, na ibara ya 107A ikaziagiza mahakama mambo mawili kwa pamoja: zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, wala zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka huohuo Nyalali alistaafu, na Barnabas Samatta akachukua nafasi yake. Alifariki mwaka 2003.