Mfahamu Harry Brearley, muosha chupa aliyetuletea visu vya stenlesi

Umenunua kisu, kimeandikwa kabisa stenlesi. Wiki mbili tu, madoa ya kahawia haya hapa. Iwe Maposeni au Songea mjini, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye duka: kauza feki. Huenda hana kosa. Mwanzo wa kisu hicho uko Uingereza.

Harry Brearley alizaliwa Sheffield Februari 18, 1871, mtoto wa fundi wa kuyeyusha chuma. Umaskini ulimtoa shule akiwa na miaka 12. Akaingia kiwanda cha Firth, kisha akawa muosha chupa maabara. Kemia aliisoma usiku. Kufikia 1908 alikuwa anaongoza maabara ya utafiti.

Mwaka 1912 akapewa tatizo la mitutu ya bunduki iliyokuwa inalika haraka kwa joto na gesi. Agosti 13, 1913 akamimina chuma chenye kromiamu asilimia 12.8. Ili kukichunguza kwa hadubini, ilibidi kipakwe asidi kwanza. Asidi ikagonga mwamba. Akajaribu siki na ndimu, wapi!

Yeye akawaza visu vya mezani. Mabosi hawakuvutiwa, na mafundi wakamcheka kuwa katengeneza visu visivyokata. Fundi Ernest Stuart ndiye aliyeweza kukifua, na jina la stenlesi likatoka kwake. Biashara ilipoonekana, ukaja ugomvi: ugunduzi ni wa nani, wa mfanyakazi au wa kampuni? Brearley akaondoka Firth mwaka 1915. (Tuseme ukweli, Wajerumani wa Krupp walishaandikisha stenlesi yao 1912.)

Sasa, kwa nini kisu chako kina madoa? Kromiamu ikikutana na hewa hujenga ngozi nyembamba isiyoonekana. Ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe, ilimradi ipate oksijeni. Chumvi na jiki huitoboa. Kisu kikilala kwenye beseni la vyombo vichafu, uchafu ulioganda unaizuia isijirudishe. Stiliwaya nayo huacha vipande vya chuma cha kawaida, ndivyo vinavyoota kutu.

Halafu kisu si sufuria. Kama kile cha Brearley, kina kaboni ya kukipa makali na mara nyingi hakina nikeli, kwa hiyo hushika kutu upesi zaidi. Sumaku pia hukinasa, na hiyo si dalili ya ufeki.

Brearley alipewa medali ya dhahabu ya Bessemer mwaka 1920. Alifariki Torquay Julai 14, 1948, akiwa na miaka 77.