Katsuko Saruhashi: Mwanamke aliyepima mionzi ya mabomu katika maji ya bahari

Kutoka Kpandroma, Ituri, hadi mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga ni safari ndefu, lakini kilichochimbwa kule kinaihusu nchi nzima: sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 1945 ilitoka Kongo. Wakati huo Katsuko Saruhashi alikuwa mkemia kijana wa miaka 25.

Alizaliwa Tokyo, Machi 22, 1920. Inasimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi alitazama matone ya mvua yakiteremka kwenye kioo cha dirisha, akataka kujua mvua inatoka wapi. Mwaka 1957 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Tokyo.

Kazi iliyompa jina ilitokana na msiba. Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Japani waliokuwa wakivua jodari. Mmoja alikufa mwaka huohuo. Saruhashi na mwalimu wake, Yasuo Miyake, wakapewa jukumu la kupima mvua na bahari.

Si kazi rahisi. Seziamu-137 haina rangi, ladha wala harufu, na baharini huwa kidogo mno. Inabidi kuchota maji mengi, kutenganisha seziamu hiyo kwa kemikali, kisha kuhesabu mionzi yake. Mkono ukiteleza kidogo tu, hesabu yote imeharibika.

Vipimo vya Tokyo vilitoka juu kuliko vya Wamarekani, nao wakadai Wajapani wamekosea. Mwaka 1962 Saruhashi alikwenda taasisi ya Scripps, California, kupimana na Theodore Folsom, kila mmoja kwa njia yake. Majibu yao yalikaribiana sana, na dai kwamba maabara ya Tokyo haijui kupima likakosa nguvu. Aliyesafiri kuthibitisha, hata hivyo, alikuwa yeye, si waliomtilia shaka.

Mwaka 1963 mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa kukomesha majaribio ya nyuklia angani na chini ya maji. Siasa ilichangia mengi, lakini takwimu za bahari nazo zilikuwa mezani.

Mwaka 1981 ilianzishwa tuzo yenye jina lake kwa wanasayansi wanawake wa Japani walio chini ya miaka 50. Alifariki Septemba 29, 2007, akiwa na miaka 87.