Sakichi Toyoda: Mwana wa seremala aliyetangulia magari

JINA Toyota likitajwa, Mkenya hufikiria matatu na pikapu. Kumbe asili yake ni mtambo wa kufuma nguo.

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka wa 1867 katika mkoa wa Shizuoka, Japani. Babake alikuwa seremala, naye akafunzwa kazi hiyo. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye ufumaji, na mnamo 1891 akapata hataza ya mtambo wa mbao ulioendeshwa kwa mkono mmoja.

Lililomsumbua zaidi ni kile chombo kidogo kinachopitisha uzi wa mshindio kati ya nyuzi za mtande. Uzi wake ulipoisha, mfumaji alisimamisha mtambo akibadilishe. Kukibadilisha mtambo ukienda mbio si mchezo: kisipokaa sawasawa kisandukuni mwake, hukwama njiani na kukata nyuzi chungu nzima.

Majaribio yalikula fedha. Mwaka wa 1910 alilazimika kujiuzulu katika kampuni iliyobeba jina lake, akazuru Marekani na Ulaya, kisha akarudi kuanza upya. Hatimaye, mnamo 1924, mtambo wake wa aina ya G, alioukamilisha akisaidiwa na mwanawe Kiichiro, ulibadilisha chombo hicho bila kupunguza mwendo.

Mnamo 1929 Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyokuwa mwalimu wa dunia katika ufumaji, ilinunua haki za mtambo huo. Sakichi alifariki Oktoba 30, 1930. Kampuni ya magari aliyoiasisi Kiichiro iliundwa mwaka wa 1937.