Colgate alikuwa mtu, tena muuza sabuni

Dukani kwa Mangi ukisema nataka Colgate, unaweza ukapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa na wala usishangae. Jina limeshazoeleka. Ila Colgate alikuwa mtu kweli, tena mtu wa kanisa hasa, na dawa ya meno yeye mwenyewe hakuwahi kuiuza. Leo nawaletea maisha yake, maana kuna kitu humo kwetu sisi tunaotafuta pa kuanzia.

William Colgate alizaliwa 1783 huko Kent, Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima aliyeshabikia mapinduzi ya Ufaransa, na siasa hizo zikamponza. Mwaka 1795 familia ikahamia Marekani, jimbo la Maryland. Mzee akajaribu biashara ya sabuni na mishumaa na mwenzake, haikudumu, akarudi shambani. Kijana naye akafungua ya kwake akiwa na miaka 19 tu. Nayo ikafa.

Hapo ndipo wengi wetu tunaposema nina mkosi, ngoja nikaombewe. Sikatai maombi, jamani. Lakini angalia jamaa alichofanya. Mwaka 1804 akaenda New York, akakubali kuwa mwanafunzi wa kazi kwa watengeneza sabuni. Alishakuwa bosi, sasa anatumwa! Akawa anatazama bosi wake anakosea wapi, anaweka kichwani. Mwaka 1806 akafungua kiwanda chake mtaa wa Dutch, akiuza sabuni, mishumaa na wanga wa kukazia nguo. Enzi hizo watu wengi walijichemshia sabuni nyumbani kwa mafuta ya wanyama na maji ya majivu, kwa hiyo ilibidi sabuni yake iwe nzuri kweli ndipo mtu atoe hela.

Makanisani husimuliwa kwamba alipokuwa safarini, nahodha mmoja mzee alimshauri atengeneze sabuni safi, asipunje mizani, na sehemu ya Mungu aitoe tokea dola ya kwanza. Hayo ni masimulizi. Yanayoonekana kwenye historia ni haya: alikuwa shemasi wa Kibaptisti, na anakumbukwa kama mtoaji zaka aliyekuwa akiongeza kadiri kipato kilivyopanda. Mwaka 1816 alikuwa mmoja wa waliosaidia kuanzisha Chama cha Biblia cha Marekani. Chuo kimoja cha Wabaptisti kule Hamilton, New York, alikisaidia kwa miaka mingi, na watoto wake wakaendelea. Mwaka 1890 chuo kikapewa jina la Colgate.

Alifariki 1857. Dawa ya meno kampuni ilianza kuiuza 1873, ikiwa kwenye vichupa, miaka 16 baada ya yeye kuzikwa. Ile ya kukamua ilikuja miaka ya 1890.

Sasa wapo watu wanaoichukua stori hii na kuigeuza bahati nasibu: panda mbegu Jumapili, Jumatatu mshiko huo! Mimi siioni hivyo kabisa. Angekuwa anatoa ili atajirike, ile biashara iliyomfia akiwa na miaka 19 ingemkatisha tamaa mapema. Yeye alijifunza kazi kwanza, akauza kitu cha maana, halafu pesa ilipokuja hakumsahau Mungu wake. Ugumu uko hapo mwisho. Ukiwa na elfu kumi, kutoa elfu moja ni rahisi. Ukiwa na milioni kumi, mkono unatetemeka.

Na imani ya mfanyabiashara mteja haioni kwenye stika ya mstari wa Biblia iliyobandikwa mlangoni. Anaiona kwenye kilo: imetimia au haijatimia?

Haya mdau, wewe mwenye mtaji wa kuungaunga, ungekubali kushuka ukajifunze kwa mwingine kama huyu jamaa? Naomba kuwasilisha.