Joseph Kasa-Vubu: juu ya nini alitaka kuwa burgumestre wa Dendale

Kinshasa kuna komini moja inaitwa Kasa-Vubu. Vijana wengi wa huku kwetu mashariki wanalijua lile jina juu ya raisi wa kwanza wa inchi. Wachache wanajua kama ile komini, wakati wa Wabelgiji, iliitwa Dendale, na kama mwenye jina aliiongoza kabla ya kuongoza Kongo mzima. Kiti chake cha kwanza cha kuchaguliwa na raia hakikuwa uraisi wala ubunge. Kilikuwa ukubwa wa komini.

Hii habari inatugusa sisi wakaaji wa miji ya mashariki. Kwa miaka mingi mameya na maburgumestre wetu wanatiwa kwa amri kutoka juu. Na tangu utawala wa kijeshi ulipoanzishwa mwezi wa tano 2021 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, raia waliona polisi na askari wakiwekwa kwenye viti vya miji. Kwa hiyo ni vizuri tujiulize: mtu anatafuta nini anapoomba kura ya kuongoza komini? Kasa-Vubu alijibu kwa matendo zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Mtoto wa Mayombe

Kasa-Vubu alizaliwa katika kijiji cha Kuma-Dizi, upande wa Tshela, katika msitu wa Mayombe, jimbo ambalo leo linaitwa Kongo Central. Mwaka wenyewe wa kuzaliwa vitabu haviuandiki namna moja, lakini wengi wanataja 1915 ao karibu na hapo. Alisoma kwa mapadri. Kutoka seminari ndogo ya Mbata-Kiela alitumwa Kabwe, kule Kasai, kusoma filozofia ili awe padri. Mwaka wa 1939 wakubwa wa seminari wakamkatalia kuendelea. Alirudi kwao bila kanzu, lakini na elimu ambayo Weusi wachache sana walikuwa nayo wakati ule.

Alifundisha shule kidogo, akafanya kazi katika kampuni moja ya miti, kisha mwaka wa 1942 akaingia kazi ya leta Léopoldville, katika idara ya feza. Alikuwa karani. Alipanda ngazi mpaka kufika pale Mweusi aliruhusiwa kufika, na hapo ngazi ikaishia. Juu yake walikuwa Wazungu tu, hata wale waliosoma kidogo kumushinda. Kila siku alikuwa anaandika hesabu za inchi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na sauti ndani yake.

Hakuwa mtu wa makelele. Waliomfahamu walimueleza kama mtu mpole, wa kusema taratibu, mwenye kunyamaza sana. Wazungu wengi walimzarau kwa sababu ya ile hali. Njo kosa walilofanya.

Udongo na kabila

Mwaka wa 1946 alisimama mbele ya chama cha Weusi waliosoma, akatoa hotuba juu ya haki ya wenye kuikaa inchi wa kwanza. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa mkoloni: udongo wa Kongo una wenyewe, na wenyewe si Bulamatari. Lakini ile hotuba ilikuwa na upande wa pili, ambao sisi wa mashariki tunaujua vizuri. Kwake yeye, wenye udongo wa Léopoldville walikuwa Wakongo, watu wa Bas-Congo. Watu waliotoka juu ya mto, wasema Lingala, walikuwa wageni waliokuwa wanapewa nguvu na Wazungu.

Kutoka hapo unaelewa chama cha ABAKO. Kiliundwa mwaka wa 1950 na Edmond Nzeza Nlandu kwa kulinda luga ya Kikongo na mila. Mwaka wa 1954 Kasa-Vubu akawa raisi wake. Vyama vya politiki vilikuwa vinakatazwa, lakini chama cha luga na mila kiliruhusiwa. Kidogo kidogo politiki ikaingia kupitia ule mlango.

Mwaka wa 1956 Weusi wengine waliosoma, wakiwa na Joseph Ileo, walitoa manifesto ambayo ilikubali uhuru uje pole pole, kufuatana na mpango wa miaka 30 wa mwalimu Mbelgiji Van Bilsen. Mwezi wa nane mwaka ule, Kasa-Vubu na ABAKO wakatoa jibu lao. Walikataa miaka 30. Walitaka uhuru sasa, ruhusa ya vyama, na ruhusa ya kusema na kuandika. Siku ile yule karani mpole alikuwa amekwenda mbele kuwashinda wote.

Uchaguzi wa 1957

Mwezi wa tatu 1957 Wabelgiji walitoa sheria mpya ya miji. Kwa mara ya kwanza Weusi wangechagua washauri wa komini zao, na kutoka pale burgumestre angepatikana. Kura zilipigwa mwezi wa 12 mwaka ule katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya miji mingine, kati yao Bukavu na Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.

Lakini tusidanganyike, ile demokrasia ilikuwa ya kupimwa na kijiko. Wanaume tu njo walipiga kura. Wanawake hapana. Burgumestre, hata kama raia wamemtaka, alipaswa kukubaliwa na kutiwa na gavana. Na juu ya maburgumestre wote kulikuwa burgumestre wa kwanza, mkubwa wa mji mzima, ambaye alikuwa Mzungu na hakuchaguliwa na mtu.

Sasa njo swali. Mtu ambaye mwaka moja mbele aliomba uhuru wa papo hapo, anakubali namna gani kazi ndogo ndani ya nyumba ya mkoloni? Anakubali namna gani mshahara wa leta, kuandikisha wazaliwa na wafu, kuangalia soko na usafi? Tukifuata matendo yake kabla na kisha ya uchaguzi, tunaona sababu ine.

Ya kwanza ni hesabu. Wabelgiji walizoea kusema kama wale wanaodai uhuru ni watu wachache waliosoma, na kama raia wa kawaida anatulia. Kura ingeonyesha nani ana watu nyuma yake. Na ilionyesha: katika komini za Weusi za Léopoldville, ABAKO ilichukua karibu viti 130 kati ya 170. Kisha pale hakuna mtu aliweza kusema kama Kasa-Vubu anajisemea mwenyewe.

Ya pili ni mahali pa kusimama. Raisi wa chama cha mila alikuwa anaweza kunyamazishwa kwa urahisi. Burgumestre alikuwa na ofisi, na baraza, na siku za sherehe ambazo Wazungu wenyewe wanakuja kuketi mbele yake. Alitaka kusemea ndani ya sheria yao.

Ya tatu ni maisha ya kila siku. Weusi wa Léopoldville walikuwa wanaishi katika mji uliokatwa vipande viwili, wa Wazungu na wa Weusi. Mshahara haukuwa sawa, na polisi wote wakubwa walikuwa Wazungu. Komini ilikuwa serikali ya karibu kabisa na mlango wa raia.

Ya ine ni kabila, na hatuwezi kuificha. Wakongo waliogopa mji ulio kwenye udongo wao uongozwe na watu wa juu ya mto. Walipiga kura kama kundi moja. Kasa-Vubu alijua ile hofu, akaitumia.

Ile sababu ya mwisho ilileta matunda machungu mpaka kwetu. Élisabethville, wakaaji waliotoka Kasai na fasi zingine walishinda wenyeji katika zile kura za 1957. Wenyeji wa Katanga wakaona wamepotezwa kwao, na mwaka wa 1958 wakaunda chama cha CONAKAT. Kilichofuata, kujitenga kwa Katanga, kila mtu anakijua. Kura ya komini inaweza kuwa kitu kidogo kwenye karatasi, lakini ikipigwa kikabila inaacha moto chini ya majivu.

Hotuba ya Dendale

Tarehe 20 mwezi wa ine 1958, Kasa-Vubu aliingizwa kwenye kazi. Wakubwa wa leta walingojea maneno ya shukrani. Badala yake, burgumestre mpya alisema kama kuchagua komini peke yake si demokrasia. Aliomba uchaguzi wa inchi nzima na serikali ya Wakongomani wenyewe. Aliuliza juu ya kukosekana kwa Weusi kati ya wakubwa wa polisi. Aliomba ruhusa ya magazeti. Yote aliyasema kwa sauti yake ya chini, akiwa amevaa alama za kazi aliyopewa na wakoloni.

Serikali ilimuandikia onyo. Haikumtoa. Kumtoa kungekuwa kuonyesha kama kura haina maana, na kumuacha kulikuwa kumuachia nafasi ya kusema tena. Hapo tunaona alichokuwa anatafuta tangu mwanzo.

Siku mji ulipomushinda

Mwezi wa 12 mwaka ule kulikuwa mkutano mkubwa wa Waafrika kule Accra. Kasa-Vubu alitaka kwenda, lakini alizuiwa juu ya karatasi ya chanjo. Patrice Lumumba alifika, na aliporudi akaeleza watu wengi yale aliyoyasikia. ABAKO nayo ikapanga mkutano wake, siku ya Mungu tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959.

Wakubwa wa mji walijibu kwa barua ambayo haikuruhusu wazi wala haikukataza wazi. Kasa-Vubu akaona afazali kusogeza siku. Alienda mwenyewe mbele ya watu waliokwisha kukusanyika, akawaomba warudi nyumbani. Walikataa. Mawe yakaanza, na watu waliotoka kuangalia mpira wakaingia ndani ya fujo. Askari wakapiga risasi. Serikali ilitangaza karibu watu 50 waliokufa, na wengi waliokuwa pale walisema walikuwa zaidi. Kila mwaka tarehe 4 Januari Kongo inawakumbuka kama mashujaa wa uhuru.

Siku ile ilionyesha mpaka wa nguvu za burgumestre. Alikuwa na kura za raia, lakini hakuwa na mamlaka ya kubadilisha maisha yao. Vijana bila kazi hawakungojea tena hotuba. Naye alifungwa pamoja na viongozi wengine, ABAKO ikavunjwa, kisha akapelekwa Ubelgiji. Lakini tarehe 13 mwezi ule ule, mfalme Baudouin alitangaza kama Kongo itapata uhuru. Haikupita hata mwaka moja tangu ile hotuba ya Dendale.

Kutoka komini mpaka ikulu

Tangu hapo mambo yalienda mbio. Kasa-Vubu alirudi Kongo mwezi wa tano 1959, akaketi kwenye mkutano wa Bruxelles mwanzo wa 1960, na tarehe 24 mwezi wa sita bunge likamchagua raisi, siku chache mbele ya uhuru wa tarehe 30.

Uraisi wake ulikuwa wa uchungu. Mwezi wa tisa 1960 alimtoa Lumumba kwenye serikali, na tendo lile wengi huku mashariki hawakumsamehe mpaka leo. Aliona Katanga ikijitenga, na uasi wa 1964 ukichukua sehemu kubwa ya upande wetu. Mwaka wa 1965 alimtoa Tshombe, na kisha tarehe 24 mwezi wa 11 Mobutu akamtoa yeye. Hakupigana. Alirudi Bas-Congo, akaishi kimya, akafia Boma tarehe 24 mwezi wa tatu 1969. Hakuonekana mtu aliyejitajirisha na mali ya leta, na hilo hata maadui zake wanalikubali.

Tunabaki na nini

Kasa-Vubu hakuwa malaika. Kura yake ilitoka katika kabila lake, na deni la namna ile ya kuchagua tunalilipa mpaka leo katika miji yetu. Lakini kuna kitu alichokifahamu mbele ya wengine: kiti cha komini kina maana pale tu anayekikalia anakumbuka nani alimtuma. Mtu aliyetiwa na mkubwa anamtazama mkubwa. Aliyechaguliwa anaweza kusimama mbele ya mkubwa na kusema neno la raia, hata kama ana soko na daftari la wazaliwa tu.

Basi siku mtu atakapokuja kwenye avenue yako kuomba kura ya komini ao ya mji, usimuulize kwanza jina la kijiji cha baba yake. Muulize sababu zake. Muulize atasema nini siku ya kwanza, mbele ya wakubwa, wakati wote wanangojea ashukuru. Na muulize kama kesho yake atarudi kwenye avenue kueleza alichojibiwa.