Delamere, mkulima aliyeweza kumudu hasara

Jina la Lord Delamere likitajwa katika Bonde la Ufa, wakulima hugawanyika. Wapo wanaomsifu kwa kuleta kilimo cha ngano na ufugaji wa kisasa nchini Kenya, na wapo wanaomwona mnyakuzi wa ardhi. Ukipitia hesabu za shamba lake, utakuta kila upande una hoja.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Akiwa na umri wa miaka 17 tu alirithi cheo cha baba yake pamoja na mashamba ya familia huko Cheshire. Afrika alikuja kuwinda simba, na mwaka 1897 akafika nyanda za juu za Kenya akitokea Somalia.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, kwa sharti la kuwekeza pauni 5,000 katika miaka mitano ya mwanzo. Anayekodi shamba la msimu na apige hesabu mwenyewe: hiyo ni pauni moja kwa kila ekari 500.

Hata hivyo mambo yalimwendea kombo. Kondoo wake walidhoofika na kufa kwa sababu malisho ya Njoro yalipungukiwa na madini. Ng'ombe nao waliangamizwa na maradhi, ikiwemo ndigana. Alipogeukia ngano, kutu ikaila shambani.

Hakukata tamaa, na kwa hilo anastahili sifa. Alihamishia mifugo Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, akajifunza mengi kwa wachungaji wa Kimaasai. Kwa gharama zake alianzisha maabara Njoro kutafuta mbegu ya ngano inayostahimili kutu. Mwaka 1908 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha kampuni ya kusaga nafaka, Unga Limited.

Lakini bidii peke yake haimrudishi mtu shambani baada ya hasara tatu. Kilichomrudisha Delamere ni mtaji, na mtaji huo ulitoka katika urithi wa Cheshire na mikopo ya benki.

Upande wa pili mambo yalikuwa tofauti kabisa. Wamaasai waliokuwa wakichunga katika Bonde la Ufa waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904 ili kuwapisha walowezi. Mwafrika alitozwa kodi ya kibanda, na kahawa hakuruhusiwa kuilima hadi miaka ya 1930, tena katika wilaya chache. Ardhi aliyoilima haikuwa na hati ya mtu binafsi, hivyo hakuwa na dhamana ya kupeleka benki. Kazi ya kugawa hati kwa wingi ilikuja na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Sheria zenyewe walowezi walikuwa na mkono ndani yake. Delamere aliingia Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1907. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Delamere alifariki Novemba 1931, akiacha deni la benki la takriban pauni nusu milioni. Mkulima mwingine angefilisiwa mapema zaidi. Soysambu ilibaki mikononi mwa familia yake.